Nilifika Kituoni Nikiwa Sina Chama

Nilitoka zamu saa kumi na moja jioni, nikapitia kituo cha kupigia kura nikiwa bado na sare ya kazi. Ilikuwa Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, hapa Mount Vernon, mji mdogo unaopakana na Bronx upande wa kaskazini. Foleni haikuwepo. Mama wa makamo aliyekaa mezani aliandika jina langu kwenye tableti, akatazama, akatazama tena, kisha akaniuliza kwa upole mimi ni mwanachama wa chama gani.

Nikamjibu kwa fahari kidogo: "Sina chama."

"Basi leo huna kura, mama."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwa miezi miwili sanduku langu la barua lilikuwa limefurika vipeperushi vya wagombea wawili, televisheni ya bibi ninayemtunza ilikuwa haizungumzi jambo jingine, na mimi raia halali mwenye haki zote nikaambiwa nirudi nyumbani. Yule mama akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto: huu si uchaguzi mkuu, huu ni mchujo wa chama, na New York mchujo ni wa wanachama tu. Waliotaka kubadilisha walikuwa na muda hadi tarehe 14 Februari. Siku ya wapendanao! Nikakumbuka siku ile nilikuwa nimesimama dukani napanga foleni ya maua ambayo si yangu, nimetumwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilipoapa uraia mwaka 2021 nilijaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na katikati ya fomu kuna sehemu ya kuchagua chama. Chini kabisa kuna kisanduku cha mtu asiyetaka kujiunga na chama chochote. Nilikitia alama bila kufikiri hata sekunde moja. Marehemu baba alikuwa karani wa serikali Tanga, na kadi yake ya chama ilikaa kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Hakuwa shabiki wa siasa. Aliitunza kama mtu anavyotunza risiti, kwa kuwa hujui lini utaulizwa. Nami nilikua nikijua kwamba chama ni kitu unachoulizwa, na nilipofika nchi ambayo hakuna wa kuniuliza, raha yangu ilikuwa kuandika kwamba sina.

Kumbe huku chama si kadi. Hakuna ada, hakuna balozi wa nyumba kumi, hakuna mkutano wa tawi. Chama ni alama tu kwenye fomu, na alama hiyo ndiyo ufunguo wa mlango ambao mambo yote hupitia.

Ngoja nieleze, maana hata Waswahili wenzangu tuliokaa hapa miaka mingi wengi hatulijui hili. Sisi Tanzania tunaita kura za maoni. Ndugu zetu wa Kenya wanasema mchujo, na nakubali neno lao ni zuri zaidi, linachuja kweli. Kwetu mwaka 2020, mwezi Julai, maelfu ya watia nia wa CCM walijitokeza kugombea ubunge, na wapiga kura walikuwa wajumbe wachache wa kila jimbo. Hapo ndipo mtandaoni ulipozaliwa ule msemo "wajumbe si watu". Mtu anakunywa soda yako, anakuita mheshimiwa, anakwambia lala usingizi, kisha kura zikihesabiwa unapata mbili na moja ni yako mwenyewe. Na hata ukishinda bado hujamaliza, jina linapanda vikao vya juu, na huko linaweza kukatwa, akarudishwa wa pili au wa tatu.

Huku hakuna wajumbe wala kikao cha kukata jina. Mwanachama yeyote aliyeandikishwa anapiga kura ya siri, na anayeongoza ndiye mgombea, uongozi wa chama upende usipende. Ukitaka kumng'oa mbunge wa chama chako mwenyewe hapa New York, kazi ya kwanza ni kukusanya saini 1,250 za wanachama wa jimbo lako. (Nikisema jimbo namaanisha jimbo la mbunge kama tunavyosema kwetu, si New York nzima.) Ndiyo maana kila mwisho wa baridi unakutana na vijana kwenye vituo vya treni wamekumbatia vibao vya kuandikia, pua nyekundu, wanaomba saini. Na mawakili wa mwenye kiti, yaani mbunge aliyeko, huzipitia saini hizo moja moja wakitafuta anwani iliyokosewa. Jina halikatwi na kikao, lakini linaweza kukatwa na mwandiko mbaya.

Na majimbo mengi ya jiji la New York yana chama kimoja tu chenye nguvu. Uchaguzi mkuu wa Novemba ni sherehe, uchaguzi wenyewe ni mchujo wa Juni. Aliyepita Juni kwa upande wa Democrat amekwisha kuwa mbunge, bado kuapishwa. Na Juni watu hawaendi kupiga kura.

Hapo ndipo alipopitia Alexandria Ocasio-Cortez. Mwaka 2018 alikuwa na miaka 28, alikuwa akihudumu baa, na mpinzani wake Joe Crowley alikuwa bungeni tangu 1999, kiongozi namba nne wa Democrat katika Baraza la Wawakilishi, anayetajwa kuwa huenda akawa spika. Miaka 14 ilikuwa imepita bila mtu wa chama chake kuthubutu kusimama dhidi yake. Mdahalo mmoja uliitishwa Bronx, Crowley hakwenda. Alimtuma mwakilishi akae kwenye kiti chake. Wapiga kura wote waliojitokeza tarehe 26 Juni hawakufika 30,000, katika jimbo lenye watu takriban laki saba. Binti akapata asilimia 57. Novemba akashinda kwa asilimia 78 bila jasho. Nitamsifu Crowley kwa jambo moja: usiku ule aliposhindwa alichukua gitaa, akasema wimbo huu ni kwa ajili ya Alexandria, akaimba. Kwetu mtu angeenda kukata rufaa.

Magazeti yaliandika kwamba mrengo wa kushoto umeuangusha mrengo wa katikati. Sikatai. Binti alisema waziwazi yeye ni msoshalisti, na hakuchukua pesa za kamati za kampeni za makampuni. Lakini Crowley naye alikuwa ametia saini kuunga mkono muswada wa bima ya afya kwa watu wote. Tofauti yao kwenye karatasi ilikuwa ndogo kuliko vichwa vya habari vilivyosema. Mwaka huohuo, kule Boston, Ayanna Pressley alimwangusha Mike Capuano, na Pressley mwenyewe alikiri kwamba kura zao bungeni zingefanana kwa sehemu kubwa. Sasa mrengo uko wapi hapo?

Ninachoamini mimi ni hiki: maneno ya kushoto na katikati ni kanga wanayovaa wagombea, na mara nyingi swali lenyewe ni la kawaida zaidi, lile wanalouliza majirani wote. Huyu tunamwona?

Jibu nililipata kwa bibi ninayemtunza. Ana miaka 88, akili yake kali kama wembe, aliishi Bronx kabla ya kuhamia huku kwa mwanawe. Mwaka 2020 wakati wa korona tulikaa naye ndani miezi mitatu kama kuku kwenye tenga. Mbunge wetu alikuwa Eliot Engel, bungeni tangu Januari 1989, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje. Aliyemkabili alikuwa Jamaal Bowman, mwalimu mkuu wa shule ya kati ya Bronx aliyoianzisha mwenyewe. Mwanzoni mwa Juni, baada ya ghasia na uporaji wa maduka, viongozi walikusanyika Bronx kuzungumza na waandishi. Engel akaomba naye apewe nafasi ya kusema. Wenyeji wakasita, wasemaji walikuwa wengi mno. Akasisitiza, kipaza sauti kikiwa wazi: kama asingekuwa na mchujo, asingejali.

Tuliitazama ile video kwenye simu yangu mara nne. Bibi hakukasirika. Alicheka hadi akakohoa. "Walau amesema kweli," akaniambia. Kisha akanisimulia habari ya 1988, ambayo nilidhani anatunga mpaka nilipoitafuta mwenyewe nikakuta ni kweli tupu.

Mwaka huo mbunge alikuwa Mario Biaggi, polisi wa zamani mwenye nishani nyingi, miaka 20 kwenye kiti. Akapatikana na hatia katika kashfa ya rushwa ya kampuni ya Wedtech, akajiuzulu Agosti, lakini jina lake likabaki kwenye karatasi za kura za mchujo wa Septemba. Aliyesimama dhidi ya jina lile kubwa akashinda alikuwa mwalimu wa zamani aliyekuwa mjumbe wa bunge la New York. Jina lake Eliot Engel. Yaani naye aliingia kwa mlango uleule, akakalia kiti miaka 32, na mwalimu mwingine akamtoa kupitia mlango uleule. Bowman alipata asilimia 55, Engel 41 hivi. Matokeo yalichukua wiki kadhaa kutangazwa kwa sababu kura nyingi zilipigwa kwa barua.

Crowley, kwa upande wake, aliingiaje 1998? Mbunge aliyemtangulia, Thomas Manton, ambaye pia alikuwa mkubwa wa chama Queens, alijiandikisha kugombea tena, akangoja muda wa wengine kurudisha fomu upite, kisha akajiondoa. Kamati ikamweka Crowley. Ukisikia Wamarekani wakitufundisha demokrasia ndani ya vyama, kumbuka hiyo. Hata vikao vya kukata majina vyetu visingebuni ujanja safi namna ile.

Basi mwaka 2020 sikuwa raia bado, nikashangilia kama shabiki asiye na tiketi. Bowman alinipendeza. Alizungumza kama walimu wetu wa zamani, wale wanaojua mtoto gani hajala asubuhi. Chama chenyewe kilikuwa kimejaribu kuufunga mlango: mwaka 2019 kamati ya kampeni ya Democrat bungeni ilitangaza haitafanya kazi na kampuni yoyote ya ushauri au ya kura za utafiti inayomsaidia mtu anayempinga mbunge aliyeko kitini. Bado mwaka 2020 wabunge watatu wa Democrat waling'olewa na watu wa kushoto kwao: Engel hapa, Dan Lipinski Illinois, na Lacy Clay kule St. Louis, ambaye yeye na baba yake walikuwa wamekishika kiti kile kwa miaka 52. Watatu tu. Ukisikia kelele utadhani ni thelathini, ilhali Baraza lina viti 435 na karibu kila mwenye kiti anayetaka kurudi hurudi.

Nikubali na upande wa pili. Mwaka 2022 kule Oregon, Kurt Schrader wa mrengo wa katikati aling'olewa kwenye mchujo na Jamie McLeod-Skinner. Furaha ikadumu hadi Novemba. Jimbo lile halikuwa la chama kimoja, na kiti kikachukuliwa na Lori Chavez-DeRemer wa Republican. Anayeng'oa mlingoti aangalie kwanza kama hema ina mlingoti mwingine. Wale wanaosema kila mbunge wa katikati ang'olewe popote alipo hawajawahi kutembea Oregon. Mimi pia sijatembea, lakini hesabu ninaijua.

Sasa turudi kwenye ule Juni wangu.

Kufikia 2024 Bowman alikuwa ndiye mwenye kiti. Mipaka ya jimbo ilichorwa upya mwaka 2022, sehemu kubwa ya Bronx ikaondolewa, jimbo likawa zaidi la Westchester, yaani vitongoji vyetu, vya matajiri na vya wasafisha nyumba zao. Wapiga kura aliowajua walipungua. Novemba 2021 alikuwa miongoni mwa wabunge sita wa Democrat waliokataa muswada wa miundombinu wa Rais Biden. Septemba 2023 alibonyeza kengele ya moto katika jengo la bunge, akakiri kosa mahakamani, na Baraza likampa karipio rasmi. Na baada ya Oktoba mwaka huo alisimama wazi kudai vita vya Gaza visimame, katika jimbo lenye Wayahudi wengi, baadhi yao waliokuwa wamempigia kura.

Mpinzani wake alikuwa George Latimer, mkuu wa kaunti ya Westchester, mzee wa siasa za huku anayejulikana kwa kutokosa hafla hata ya kukata utepe wa duka la mikate. Na nyuma ya Latimer kulikuwa na mfuko wa kampeni wa AIPAC, kundi linaloitetea Israeli, uliomwaga kiasi cha dola milioni 14.5 katika jimbo hili moja. Ukawa mchujo wa ubunge ulioteketeza pesa nyingi kuliko yote iliyowahi kufanyika Marekani hadi wakati huo. Siku moja nilikuta vipeperushi vitatu kwenye sanduku moja. Ajabu ni kwamba matangazo yale mengi hayakutaja Israeli wala Gaza kabisa. Yalitaja daraja. Yalitaja barabara. Yalimwambia bibi yangu, mara baada ya mara, kati ya taarifa ya habari na mchezo wa kubahatisha bei, kwamba Bowman alimpinga Biden.

"Alikataa barabara?" akaniuliza siku moja.

Nikajaribu kumweleza kwamba alikataa kwa sababu alitaka muswada mwingine wa huduma za jamii upite pamoja nao. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, hilo linachukua dakika tano kulieleza. Wale wanachukua sekunde thelathini."

Jumamosi kabla ya kura, Bowman alifanya mkutano mkubwa na Ocasio-Cortez na Seneta Bernie Sanders. Muziki, jua, umati wa watu. Ulifanyika katika bustani ya St. Mary's, Bronx ya kusini. Nje ya jimbo lake. Nilipoona picha nilishika kichwa, maana ni kama mgombea wa Tanga Mjini kufunga kampeni Muheza. Waliokuja wengi hawakuwa na kura ya kumpa. Nilitaka mtu mmoja tu agonge mlango wangu Mount Vernon, angeniuliza kama nimejiandikisha chamani, ingawa kwa kalenda ya Februari ile nisingefaa tena. Hakuna aliyegonga. Labda walikuwa na orodha, na mimi nisiye na chama sikuwemo.

Latimer alipata karibu asilimia 59. Rafiki zangu wa kushoto wanasema ni pesa, hakuna kingine. Wa upande wa pili wanasema ni Bowman mwenyewe na kengele yake. Mimi nasema pesa ni maji: yakipewa ufa yanabomoa nyumba, yasipoupata yanapita. Ocasio-Cortez naye aliwekewa mpinzani siku ileile, akashinda kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini sitajifanya kwamba dola milioni 14 ni mvua ya rasharasha. Mlango mwembamba wa kura elfu chache unaomruhusu mhudumu wa baa kupita na saini 1,250 unalipitisha pia gunia hilo la pesa, na sijaona aliyepata namna ya kumruhusu mhudumu apite na kulizuia gunia.

Aliye juu mngoje chini. Agosti hiyohiyo Cori Bush, aliyemng'oa Clay, aling'olewa na Wesley Bell, kwa msaada wa mfuko uleule. Na Bell mwaka 2018 alikuwa ndiye kijana wa mabadiliko, aliyemwangusha mwendesha mashtaka wa kaunti ya St. Louis aliyekaa miaka 27.

Nyumbani watu huniuliza kwenye simu habari za Zohran Mamdani, kwa kuwa amezaliwa Kampala, kana kwamba nakaa naye mlango wa pili. Wanajua alivyoshinda umeya wa jiji la New York mwaka 2025. Nawaambia tazameni 2020, alipomng'oa mjumbe wa chama chake mwenyewe katika bunge la New York huko Astoria, kwa tofauti ya kura mia chache. Vivyo hivyo Ilhan Omar, aliyeishi miaka minne ya utoto wake katika kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa: kabla hajawa mbunge wa Marekani, mwaka 2016 alimtoa Phyllis Kahn, aliyekuwa amekaa katika bunge la Minnesota zaidi ya miaka 40. Wote wawili waliingia kwa mlango wa ndani wa chama, siku ambayo wengi walikuwa wamelala.

Wiki moja baada ya kurudishwa nyumbani kutoka kituoni nilijaza fomu mpya. Bibi alinisimamia, akitaka kuhakikisha sirudii kosa. Nilipofika kwenye visanduku kalamu ilisita. Nililiona lile kopo la biskuti. Nikatia alama. Jibu la ofisi ya uchaguzi likaja kwa barua, kikaratasi kidogo chenye jina langu na chama changu, na nimekihifadhi, mtanicheka, kwenye kopo.

Siku tisa baadaye nikapata barua ya kwanza kutoka kwa chama, imeandikwa jina langu kwa herufi kubwa kama kadi ya harusi. Niliifungua kwa hamu. Ilikuwa inaomba mchango.